Mchele Kwenye Buti

Mume wangu haendeshi gari tupu. Tangu nimjue, buti la kila gari alilomiliki limekuwa na gunia la mchele wa basmati, lile la kilo ishirini linalouzwa kila duka kwetu Hounslow. Si mchele wa kupika. Ukikaribia kuharibika tunautoa tunaula, na gunia jingine linashika zamu. Wageni tunaowapokea uwanja wa ndege wakifungua buti watie masanduku yao huuliza kama tunatoka sokoni au tunaenda harusini. Zamani nilikuwa naeleza. Siku hizi nasema tu, ndiyo, harusini, panda twende.

Sababu yake naijua, au nilidhani naijua. Babake alikuwa na pikapu ya kubeba kabichi kutoka milima ya Taita mpaka sokoni Kongowea, Mombasa, mji niliozaliwa mimi. Kule milimani mvua ikinyesha ule udongo mwekundu unateleza kama bamia, na pikapu isiyo na mzigo inacheza nyuma mpaka dereva anakosa la kushika. Dawa yake wanaijua wote: ukirudi mtupu, weka mawe nyuma. Jumamosi moja mzee aliuza kabichi zote mapema, akapanda mlima kurudi nyumbani bila mawe, na kwenye kona moja pikapu ikaacha barabara. Alikuwa peke yake, na hakupona. Mume wangu wakati huo alikuwa darasa la saba. Alinisimulia mara moja tu, kabla hatujaoana, huku anamenya chungwa, na hakuinua macho mpaka alipomaliza kulimenya. Sikumuuliza tena. Kila mtu ana mambo yake ambayo mwenzake akiwa na adabu anayapita pembeni.

Adabu ninayo, lakini na mdomo pia ninao, na mtaa mzima unajua. Kwa hiyo alipoleta nyumbani gari la Kimarekani la miaka ya sitini, refu, jekundu, limebebwa juu ya lori kwa sababu halikuwa hata na uwezo wa kujikokota, sikumpa pumzi. Wenye ugonjwa huo huyaita magari ya misuli: injini kubwa ya kuamsha maiti, boneti ndefu kuliko kitanda chetu, na kila kitu kingine kimekumbukwa baadaye, breki zikiwa mojawapo. Nilimwambia gari lile litatuua. Nilimwambia mezani, nikamwambia kitandani, nikamwambia mbele ya wageni. Yeye alicheka, akaingia gereji yake nyuma ya nyumba, na kwa miaka kadhaa Jumamosi zake zote zikaishia humo.

Nisimfanye mume wangu aonekane mpuuzi. Kazi yake ni kusukuma ndege Heathrow. Ndege haijui kurudi nyuma yenyewe. Ikishajaza abiria lazima isukumwe kutoka pale mlangoni, na anayeisukuma ni yeye, amekaa ndani ya gari bapa lenye nguvu za ajabu na mwendo wa mtu anayetembea. Anaifikisha mahali pake, inafunguliwa, inaondoka. Siku moja tunakunywa chai, ndege ikapita juu ya paa letu, na yeye akaifuata kwa sikio mpaka ikapotea.

"Kila siku nazisukuma," akasema, "halafu zinaniacha."

Nilimtania, nikamuuliza kama anataka wamkatie tiketi. Lakini maneno yale yalinikaa. Nilijua tangu siku ile kwamba ipo siku mwanamume huyu atataka kukimbia kwenye njia ya ndege, na kwamba gari jekundu ndilo atakalokimbia nalo.

Siku yenyewe ikaja. Nje ya London, mwendo wa saa chache, kuna kiwanja cha zamani cha ndege za kivita ambacho wenye magari haya hukodi ili wayaachie mbio pasipo polisi wala taa za barabarani. Njia ni moja, imenyooka, pana, upande huu nyasi na upande ule nyasi. Kila gari linakwenda peke yake. Mume wangu alijiandikisha bila kuniuliza, kisha akaniambia tukiwa kwenye foleni ya kulipia supamaketi, mahali ambapo alijua sitapiga kelele. Alikosea. Nilipiga.

Hofu yangu haikuwa ya mwanamke anayeogopa kila kitu. Na mimi ni mtu wa ndege. Kazi yangu, ofisini wanaiita lodi-kontroli, ni kupanga mizigo inakaa wapi ndani ya ndege: masanduku kiasi gani mbele, kiasi gani nyuma, ili uzito wote ukae pale rubani anapoutarajia. Ndege ikilemewa nyuma, pua inainuka mapema na haitaki kushuka. Nimelifanya hilo kila siku ya kazi kwa miaka mingi, na huwezi kulifanya bila kuuheshimu upepo.

Na magari haya ya zamani hayakutengenezwa na mtu aliyeuheshimu upepo. Sura yake mbele ni bapa kama kabati. Upepo unagonga pale, mwingine unapita juu, mwingine unajipenyeza chini ya bampa na kujaa chini ya injini, ukinyanyua. Paa nalo limelala kuelekea nyuma kwa mteremko mzuri, na mteremko huo huo ndio unaofanya bawa liwe bawa. Ukienda polepole hutajua lolote. Ukienda kasi mara mbili, upepo unanyanyua mara nne. Inafika mahali gari la tani nzima na zaidi linakaa barabarani kwa kuombwa, tairi za mbele zinagusa lami bila kuikamata, na usukani unaoushika mkononi haujafungwa kwenye chochote cha maana. Watu wanadhani hatari ya mwendo ni kugonga. Mimi niliogopa kuelea.

Nikamwekea masharti. Tairi mpya, za kustahimili mwendo huo, si zile za kupendeza macho. Breki za kisasa magurudumu yote. Mikanda ya mabega mawili, ya kufungwa katikati ya kifua. Kidevu chini ya bampa la mbele, yaani ubao mwembamba wa kuuzuia upepo usiingie chini ya gari. Akavitimiza vyote, tena kwa furaha, kwa sababu alidhani nimeanza kulipenda gari. Sharti la mwisho nililiacha mpaka mwisho makusudi. Nilimwambia, siku hiyo buti liwe tupu. Mchele ubaki nyumbani.

Nikamweleza kama ninavyowaeleza vijana wapya kazini: uzito ukikaa nyuma ya magurudumu ya nyuma, gari linafanya kazi ya pembea, nyuma inashuka na mbele inainuka. Kwenye matope ya kwao hilo ni jambo jema, maana pikapu inasukumwa na magurudumu ya nyuma na yanahitaji kukandamizwa. Kwenye njia ya ndege ni kuufungulia upepo mlango. Akaitikia kwa kichwa. Akaniahidi, mkono wake juu ya boneti, kwamba buti litakuwa tupu.

Ijumaa, siku moja kabla, nilimwambia jambo ambalo nilikuwa nimelificha: naingia naye. Walikuwa wanaruhusu abiria mmoja ikiwa kiti chake kina mikanda hiyo ya mabega. Hesabu yangu ilikuwa rahisi. Mume wangu namjua. Nikiwa pembeni yake hataendesha kichaa. Atakwenda mwendo wa kujiridhisha, atainua mguu, na wote tutarudi kula chakula cha jioni. Binti yetu, aliyezaliwa hapa hapa, mwenye leseni ya gari tangu mwaka jana, na ambaye husikia Kiswahili chote akajibu kwa Kiingereza, alitutazama mmoja baada ya mwingine, akauliza kwa utulivu kama tumefikiria nani atabaki na yeye. Nikamwambia aache uchuro. Mume wangu akanyanyuka, akasema anakwenda kununua maziwa. Alichelewa kurudi, nami nikadhani amekwenda kupunguza hasira kwa sababu nimemharibia starehe yake.

Asubuhi alitangulia na gari jekundu, mimi na binti tukamfuata na gari la nyumbani. Tulipofika tulikuta watu na magari yao, makopo ya chai, harufu ya petroli, na upepo. Upepo ulikuwa wa pembeni, unakuja kwa vipindi kutoka mkono wa kulia, unalaza nyasi kisha unaziachia. Niliutazama kwa muda. Ukiwa na kazi yangu huwezi kutoutazama.

Mzee mmoja wa Kiingereza mwenye koti la rangi ya machungwa ndiye aliyekuwa akikagua magari. Alibonyeza tairi, akavuta mikanda, akafunua boneti, akafungua na buti. Lilikuwa tupu, safi, ungeweza kulia chakula mle. Mzee akagonga paa mara moja kuonyesha ameridhika. Nilimwangalia mume wangu nikampenda sana wakati ule, kwa sababu nilijua kulifungua buti tupu mbele ya watu kulimgharimu nini. Kisha nikaenda kutafuta helmeti ya kunitosha kichwa na misuko yangu. Niliporudi alikuwa anafunga buti, ana kitambaa mkononi. Akasema alikuwa anafuta vumbi.

Nikampa binti funguo za nyumba. Sijui kwa nini, zingeweza kukaa mfukoni mwangu. Alizipokea akazifumbata.

Tukajifunga. Mume wangu akaniangalia akauliza kama niko sawa, nikamjibu kwamba anaendesha yeye, swali hilo ajiulize mwenyewe. Akacheka. Mbele yetu njia ilikuwa imenyooka mpaka inapokuwa nyembamba kama uzi, na pembeni yake wamepanga koni za plastiki. Hapo niliona jambo. Nimekaa kwenye kiti kile mara nyingi gereji, nikimpelekea chai, na najua boneti inakata wapi. Siku ile boneti ilikuwa imeninyima koni ya kwanza kabisa. Pua ilikuwa juu. Nikajiambia ni helmeti imenibonyeza shingo. Mzee akashusha bendera.

Gari lile halikuondoka, lilitutupa. Kiti kilinipiga mgongoni, injini ikajaza kichwa changu chote, na nyasi za pembeni zikageuka kuwa rangi tu. Akabadilisha gia, akabadilisha tena. Mshale wa mwendo ukapita maili themanini, ukapita mia, na nikamwona mume wangu usoni. Alikuwa anatabasamu kama mtu aliyesamehewa. Haki ya Mungu, nilifurahi kwa ajili yake. Nilisema moyoni, basi, umeshaipata, sasa inua mguu. Lakini hakuinua. Mshale ukafika mia na ishirini.

Ndipo kelele ikabadilika. Ule mngurumo wa tairi za mbele uliokuwa ukipanda miguuni mwangu ukapungua, ukawa kama umefunikwa blanketi. Boneti ikapanda mbele ya macho yangu, taratibu, kidogo tu. Upepo ukaja kutoka kulia, na gari zima, bila kuinama, bila kupiga kelele, likaanza kusogea kushoto. Nilimwona mume wangu anageuza usukani kwenda kulia. Gari halikwenda kulia. Akageuza zaidi. Halikwenda.

"Mama, haishiki," akasema. Ananiita hivyo tangu binti yetu azaliwe, na kamwe hajawahi kuniita kwa sauti ile.

Koni za kushoto zilikuwa zinakuja. Na mimi, sijui niseme nini, sikuogopa kwanza. Nilikasirika. Kwa sababu nilikuwa nimeshajua, mwili mzima ulijua, namna ninavyojua kazini nikiona namba ambayo haiwezi kuwa kweli.

"Umeweka nini nyuma?"

Akazidi kuzungusha usukani kulia.

"Baba, kuna nini nyuma?"

"Mchele."

Hapo hofu ikanishika. Nilielewa yote kwa mara moja. Usukani wake ulikuwa umegeuzwa kulia na tairi zinaelea. Akikanyaga breki, uzito wote utakimbilia mbele, pua itashuka, tairi zitaikamata lami zikiwa zimeelekea kulia, na gari litajitupa huko kwa ghafla, mzigo wa nyuma ukilizungusha. Tungebingirika. Na breki ndiyo kitu cha kwanza ambacho mguu wa binadamu yeyote ungetaka. Niliuona mguu wake wa kulia ukinyanyuka.

"Usikanyage breki! Nyoosha usukani."

"Tunatoka nje!"

"Nyoosha. Kisha legeza mafuta polepole, kama unaiweka ndege chini. Polepole, Baba."

Nilikuwa namwomba jambo ambalo mikono yake yote ilikataa. Gari linakwenda kushoto, ukingo unakuja, na mkeo anakwambia usiligeuze. Na hapo alipo anayo mafundisho mengine, ya kule mlimani, ya watu waliomlea: gari likicheza pambana nalo, lisikuache. Aliniangalia. Kwa mwendo ule aliondoa macho mbele akaniangalia, na naweza kusema nilimwona akichagua. Akaunyoosha usukani. Mkono wangu, sikumbuki kuupeleka, ulikuwa juu ya goti lake la kulia, nikilihisi linavyoinuka kidogo kidogo.

Koni ya kwanza ikapasuka kwenye bampa. Ya pili ikaruka juu ya kioo upande wake. Nyasi zilikuwa karibu sana kiasi kwamba niliona maua madogo ya njano. Nilimwona binti yetu na funguo mkononi, si kwa macho, na nikasema kwa sauti, Mungu wangu, siyo leo.

Kisha miguuni mwangu ule mngurumo ukarudi. Ulianza mbali, kama mtu anayekohoa chumba cha pili, ukakua. Boneti ikashuka. "Sasa," nikamwambia, "kulia kidogo. Kidogo tu." Akaugusa usukani, na safari hii gari likasikia. Likatoka ukingoni, likarudi kati, mia, tisini, sabini, na alipoigusa breki hatimaye aliigusa kama anayeamsha mtoto. Tukasimama. Yote haya, tangu upepo ulipotuchukua, ungeweza kuyakalisha ndani ya sala moja ya Baba Yetu.

Alizima injini. Kukawa kimya, kelele pekee ikawa ya chuma moto kinachopoa. Nilijifungua mikanda, nikatoka, nikaenda nyuma nikafungua buti mwenyewe. Magunia manne. Ameyapanga mstari mmoja, ameyafunga kwa kamba, vifundo vile vile vya kufungia kabichi, vizuri, kwa upendo. Kumbe haya ndiyo maziwa ya Ijumaa aliyochelewa nayo. Nikageuka kumkabili, na wallahi nilikuwa nayo maneno. Nilikuwa na maneno ya kumtosha mpaka uzeeni. Nilitaka kumuuliza kama alidhani nafanya mzaha, kama miaka yangu yote kazini ni ya kuchezea masanduku, kama binti yetu alimkosea nini.

Alikuwa ameegemea ubavu wa gari, helmeti mkononi, uso umempauka majivu.

"Ningekuwa peke yangu nisingeweka," akasema. "Nilikuahidi, na ningekwenda mtupu. Lakini wewe uliposema unaingia, nilishindwa. Sikuweza kukupakia kwenye gari tupu."

Maneno yangu yote yakaniisha. Mimi niliingia ili nimlinde asiende kasi, na yeye akaweka mchele ili anilinde na safari, na kati yetu wawili nusura tumwache mtoto yatima. Nilikaa chini kwenye lami. Nililia, na sikuona haya.

Yule mzee wa koti la machungwa alikuja na gari dogo, akatazama koni zilizopasuka, akatazama ndani ya buti, akayatazama magunia kwa muda mrefu. Akauliza kwa upole ni nini. Mume wangu akamwambia ukweli, kwamba ni mchele, na kwamba aliufunika kwa turubai pembeni kabla hatujafika, akaupakia baada ya ukaguzi. Mzee hakupandisha sauti. Alisema kwa leo tumemaliza, na mwakani asijisumbue kuomba. Mume wangu akasema ahsante, akimaanisha. Binti yetu alikuja mbio njia nzima kwa miguu, akatufikia hana pumzi, akampiga babake kifuani kwa ngumi zote mbili, akanikumbatia mimi, kisha akageuka akampiga tena. Aliyoyasema kwa Kiingereza siyaandiki, ila alikuwa na haki nayo yote.

Magunia tuliyahamishia gari la nyumbani, ambako lilikuwako tayari moja la siku zote. Binti akasema atatufuata nyuma na wala tusithubutu kuongeza mwendo. Mume wangu akaingia kwenye gari jekundu, nami nikaingia pembeni. Akaweka ufunguo. Hakuuzungusha. Akauondoa, akaurudisha. Gari lilikuwa tupu.

Ningeweza kumwambia mengi. Badala yake nilishuka, nikaenda kwa binti, nikachukua gunia moja, nikalibeba begani mbele ya Waingereza wote kama mchukuzi wa Kongowea, nikaliingiza mbele upande wangu, chini, kati ya miguu yangu. Nikafunga mlango.

"Ukitaka kubeba, beba," nikamwambia. "Lakini mzigo utakaa mbele, na mimi ndiye nitakayeushika."

Akalitazama gunia. Akauliza kama linanibana. Nikamwambia lipo mahali pake, washa gari. Akawasha.

Tulirudi London kwa mwendo wa malori, njia ya kushoto, kila basi likitupita na watoto wakitupungia mikono kwa sababu ya gari zuri. Vibao vya Heathrow vilipoanza kutokea, na ndege ya kwanza ikashuka chini chini juu ya barabara, aliongea bila kugeuza kichwa.

"Kila Jumamosi nilikuwa nakaa hapo mbele na Mzee wangu. Kila Jumamosi. Ile moja nilibaki kucheza mpira."

Ndege ikapita. Mguu wangu wa kushoto ulikuwa umekufa ganzi na sikuusogeza.

Kwa miaka yote ile nilidhani mchele wetu ni badala ya mawe. Kumbe ulikuwa badala ya mtoto aliyebaki mpirani. Nikauchukua mkono wake kwenye gia, nikaushika, na gunia nikalibana vizuri kwa magoti yote mawili mpaka tukafika nyumbani.